Ufadhili wa ufaulu: maana yake, na jinsi ya kuupima dhidi ya jina la chuo

Mwishoni mwa Machi, nyumba nyingi za watu wetu hapa Marekani huwa na barua mbili juu ya meza ya chakula. Ya kwanza imetoka chuo chenye jina: hongera, umechaguliwa, na familia yako italipa dola 67,000 kwa mwaka. Ya pili imetoka chuo ambacho mjomba aliyeko Kisumu hajawahi kukisikia: hongera, tumekupa dola 38,000 kila mwaka kwa ajili ya masomo yako mazuri. Mtoto anaitaka ya kwanza. Mama ameshika kikokotoo. Kinachowagawa hapo ni ufadhili wa ufaulu, na wengi wanausoma vibaya.

Ufadhili wa ufaulu ni fedha ambazo chuo kinampunguzia mwanafunzi kwa sababu ya alama zake, kipaji chake cha muziki au uongozi wake, bila kuuliza wazazi wanaingiza kiasi gani. Ufadhili wa uhitaji huanzia upande wa pili: chuo kinapekua mishahara, akiba na mali ya wazazi, kinakadiria wanaweza kulipa nini, kisha kinaziba pengo lote au sehemu yake. Aliyeko Tanzania anaufahamu mgawanyo huu. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hutazama hali ya familia, Samia Scholarship hutazama matokeo ya kidato cha sita kwa wanaokwenda kusoma sayansi.

Ila kule fedha inatoka serikalini. Hapa inatoka chuoni, na mara nyingi hakuna fedha inayohama popote. Chuo kimetangaza bei ya dola 76,000, kisha kimekubali kupokea 38,000. Ni punguzo la bei lililovishwa joho la tuzo. Vyuo binafsi visivyo vya biashara huwapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa wastani, zaidi ya nusu ya ada iliyotangazwa. Hilo halimpunguzii mtoto heshima hata kidogo, alama ni zake na amezifanyia kazi. Linakusaidia tu kuelewa kwamba barua ile ni ofa ya bei, na ofa ya bei hulinganishwa na nyingine.

Uamuzi huu unabana zaidi kwenye vyuo vinavyoitwa vya sanaa huria (liberal arts). Jina linapotosha, kwa sababu humo watu wanasoma fizikia, uchumi na biolojia kama kwingineko. Ni vyuo vidogo, vingi vina wanafunzi kati ya 1,500 na 2,500, vinafundisha hasa shahada ya kwanza, na profesa anamjua mwanafunzi kwa jina. Jennifer Doudna, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 2020, alisoma Pomona. Kofi Annan alihitimu Macalester mwaka 1961. Gharama ya mwaka mzima, pamoja na malazi na chakula, kwenye vile vya juu sasa inazidi dola 85,000.

Vile vya juu kabisa, kama Williams, Amherst, Pomona na Bowdoin, havitoi ufadhili wa ufaulu. Vinatoa wa uhitaji peke yake. Sababu wanayoisema ni ya haki: kila anayekubaliwa ana ufaulu mkubwa, kwa hiyo fedha iende kwa asiyeweza kulipa. Sababu ya pili haisemwi sana lakini ni ya kweli pia, nayo ni kwamba hawana haja ya kumvuta mtu. Maombi yanafurika, mali ya wakfu, yaani hazina ya chuo iliyotokana na michango na kuwekezwa, ni nene. Zamani vyuo zaidi ya 20 vya kaskazini-mashariki, Amherst na Williams vikiwemo, vilikutana kila mwaka kulinganisha ofa za wanafunzi waliokubaliwa na zaidi ya chuo kimoja, ili asitokee wa kupandisha dau. Wizara ya Sheria iliingilia kati, na mwaka 1991 vyuo vya Ivy League, yaani vile vinane vya kundi la Harvard na Yale, vikakubali kuacha mtindo huo.

Ngazi inayofuata ndiyo yenye punguzo: Grinnell, Macalester, Oberlin, Kenyon, Denison, Wooster, Lawrence, Earlham. Hivi si vyuo vya kubahatisha. Thomas Cech, Nobel ya kemia ya mwaka 1989, ni mtu wa Grinnell. Vipo pia vichache vyenye jina zito ambavyo huwalipia wachache gharama yote kwa ufaulu, kama Davidson kupitia Belk Scholarship na Washington and Lee kupitia Johnson Scholarship. Ushindani wake ni mkali mno. Omba, lakini usipange maisha juu yake.

Sasa nani hasa anabanwa? Si maskini wa kweli. Kwa familia ya kipato cha chini, chuo chenye jina mara nyingi ndicho kinachogeuka kuwa cha bei nafuu, kwa sababu kinaziba pengo lote. Amherst na Bowdoin huchagua hata waombaji kutoka nje ya Marekani bila kutazama uwezo wao wa kulipa. Ndiyo maana mradi wa KenSAP wa kule Iten, unaosaidia vijana kuomba vyuo vya Marekani, ulioanza mwaka 2004, umeweza kuwapeleka vijana wa Kenya wasio na kitu hadi kwenye vyuo vya aina hiyo.

Anayebanwa ni wa katikati. Baba na mama wote wauguzi, wanapiga zamu za usiku, mishahara yao ikijumlishwa inaonekana minene. Lakini kila mwezi wanatuma hela nyumbani: ada za watoto wa marehemu dada, dawa za bibi, michango ya harusi na misiba. Fomu ya serikali ya kuombea ufadhili, FAFSA, haina mstari wa kuandika mambo hayo. Nyumba mnayoishi haiihesabu, lakini kiwanja cha Kigamboni au nyumba ya kupangisha ya Kitengela inapaswa kuandikwa kama mali. Fomu ya CSS Profile, inayotakiwa na vyuo vingi vyenye jina, inapekua zaidi, na nyumba mnayoishi mara nyingi huhesabiwa. Hiyo ina nafasi ya kueleza hali maalumu. Itumieni! Andikeni mnatuma kiasi gani na kwa nani, tunzeni na risiti. Chuo hakilazimiki kusikiliza, lakini hakiwezi kusikiliza ambacho hakikuambiwa.

Turudi kwenye zile barua mbili. Hesabu ya haraka inasema 67,000 mara nne ni 268,000, na 38,000 mara nne ni 152,000. Ya kwanza inaweza kukaribia ukweli, kwa kuwa ufadhili wa uhitaji hukokotolewa upya kila mwaka. Ya pili ina kasoro. Punguzo la ufaulu kwa kawaida ni kiasi kisichobadilika, wakati bei ya chuo inapanda. Tuseme inapanda asilimia 4 kwa mwaka. Mwaka wa pili utalipa 41,040, wa tatu 44,202, wa nne 47,490. Jumla inafika karibu 171,000. Bado pengo kati ya vyuo viwili ni kama dola 97,000, lakini familia iliyojipanga kwa 152,000 itakwama mwaka wa nne, wakati mbaya kuliko yote. Tazama pia maandishi madogo chini ya barua. Mara nyingi yanadai GPA (wastani wa alama) fulani ili ufadhili uendelee. Mtoto anayetaka kusoma kemia na uhandisi, mwaka wa kwanza utamtikisa. Ulizeni kabla ya kusaini: akishuka muhula mmoja, anapewa nafasi ya kujirekebisha?

Na jina lenyewe lina thamani gani? Mwaka 2002 Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vya hadhi inayofanana, ila wengine wakaamua kwenda kwenye vyuo visivyochuja sana. Miongoni mwa vyuo vilivyotazamwa vilikuwemo vya sanaa huria kama Williams na Denison. Miaka mingi baadaye vipato vyao havikutofautiana kwa maana. Lakini kuna waliofaidika na chuo chenye jina: watoto wa familia za kipato cha chini, na katika utafiti wao wa baadaye, wanafunzi weusi, wa Kilatino, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Watoto wetu wengi wamo humo. Kwa hiyo siwezi kumwambia mzazi kwamba jina ni upepo mtupu. Kwa mtoto ambaye hakuna mtu wa kumfungulia mlango, wahitimu wenzake wanaweza kuwa ndio mlango.

Hata hivyo jina la chuo cha sanaa huria ni jina la watu wachache. Harvard inajulikana hadi kijiweni Mwanza. Williams inajulikana na kamati zinazochagua wanafunzi wa udaktari wa falsafa (PhD), na baadhi ya kampuni za fedha na ushauri. Kama mtoto anaelekea huko, jina lina kazi. Kama anataka udaktari wa tiba au ualimu, kinachohesabika zaidi ni alama, maabara aliyofanyia kazi, na deni analotoka nalo. Miaka ya tiba ipo mbele, nayo inataka fedha.

Mimi naweka mpaka hapa: mkopo wa serikali kuu anaoruhusiwa kuchukua mwanafunzi mwenyewe, ambao kwa mtoto anayetegemea wazazi ni 5,500, 6,500, 7,500 na 7,500, yaani dola 27,000 kwa miaka minne. Kama jina linapatikana ndani ya mkopo huo na mishahara ya kawaida ya nyumbani, chukueni jina kwa moyo mweupe. Kama linataka wazazi wakope kwa majina yao, au wavunje akiba ya uzeeni, nasema chukueni punguzo. Sijaona jina linalostahili mama wa miaka 60 aendelee kupiga zamu za usiku.

Kuna mitego miwili ya mwisho. Anayeomba mapema kwa sharti la kujifunga, maombi yanatumwa Novemba, jibu linakuja Desemba, na akikubaliwa amejifunga. Hatakuwa na barua ya pili ya kulinganisha. Na ukipata udhamini wa nje, kanisani, msikitini au kwenye chama cha jumuiya, baadhi ya vyuo hukata kiasi hichohicho kwenye ufadhili wao. Muulizeni ofisa wa ufadhili kama udhamini huo unapunguza mkopo kwanza au ruzuku, yaani fedha isiyorudishwa.

Ofisa huyohuyo ndiye wa kuandikiwa mkitaka kuomba nyongeza. Wekeni barua ya chuo kingine cha hadhi inayolingana, semeni kwa adabu ni kiasi gani kinawakwamisha, na ipelekeni mapema Aprili. Siku ya mwisho ya kujibu kwenye vyuo vingi ni Mei 1, na wiki ile ya mwisho simu zao hazishikiki.