Diploma haifi kwa sababu mwenyewe amekaa bila kazi

Katika vikundi vya WhatsApp vya Lubumbashi kunazungushwa tena ujumbe wa zamani unaodai kwamba kijana aliyekaa bila kazi zaidi ya mwaka mmoja diploma yake inapoteza nguvu, na kwamba sheria inakataza aajiriwe mpaka alipe ili "ifufuliwe".

Si kweli. Sheria ya Kazi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataja umri wa kuingia katika mkataba, lakini haiweki kikomo cha muda ambao mtu amekaa bila kazi. Anayetaka kuhakikisha aitazame diploma yake, ambayo haina tarehe ya kuisha, kisha aulize ofisi ya ukaguzi wa kazi.

Mkanganyiko, nadhani, unatoka kwenye faili la maombi yenyewe: cheti cha daktari na kile cha mwenendo mwema huombwa viwe vipya, na aliyerudishwa kwa ajili ya karatasi hizo huamini kwa urahisi kwamba hata diploma imezeeka. Ni kweli pia kwamba waajiri wengine huuliza ulifanya nini muda wote huo. Hilo ni swali tu, na aliyekuwa akitengeneza pikipiki katika mtaa wa Kenya, Lubumbashi, au kumsaidia mjomba wake dukani ana jibu la kuandika.

Ukiupokea ujumbe huo usiutume mbele, hasa ukiwa na namba ya kupelekea pesa.