Kile kisanduku hakipunguzi tokeni

Mombasa utakuta kisanduku cha kuchomeka kwenye soketi, eti kinakata bili ya stima nusu. Wapangaji wa ofisi hukinunua bure. Kwa kawaida ndani mna kapasita ndogo (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi) na kitaa cha kijani, basi.

Kapasita hurekebisha pawafakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli, lakini mita ya tokeni huhesabu kilowati-saa tu, yaani umeme uliofanya kazi. Kitaa chenyewe kinaongeza stima inayoliwa, japo kidogo.

Uvumi huu una chembe ya ukweli. Hospitali au hoteli kubwa hutozwa pia kVA (kipimo cha umeme wote unaovutwa) za kilele cha mwezi, na hapo kapasita zinalipa. Mzigo wa kilowati 80 kwa pawafakta 0.8 huvuta kVA 100. Ipandishe hadi 0.95, zinabaki kama 84. Unahitaji kapasita za kVAr 34 hivi (kVAr ni kipimo cha nguvu ya kapasita) kwenye bodi kuu, pamoja na kidhibiti cha kuziwasha kwa hatua: zikiachwa zote usiku AC zikiwa zimezimwa, volteji hupanda. Kabati nalo lizibwe vizuri, maana chumvi ya pwani hula kontakta, yaani swichi za kuwashia kapasita.

Mpangaji wa tokeni akitaka kupunguza stima, afadhali aoshe filta za AC.