Je, wajua kwa nini bendera ya Sultani ilipepea Mombasa hadi 1963?

Wazee wa Mji wa Kale wanaikumbuka: bendera nyekundu tupu, haina nyota wala ngao, juu ya Ngome ya Fort Jesus. Ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar. Mtawala si alikuwa Mwingereza? Naam, lakini alikuwa mpangaji.

Mwaka 1895 Uingereza ilikodi kwa Sultani ukanda wa mwambao, upana wa maili kumi toka baharini, kwa pauni 11,000 kila mwaka. Mpangaji akashika kila kitu, hata Ngome akaifanya jela. Mwenye nyumba akabakiwa na kodi na bendera yake. Ndiyo maana toka 1920 nchi hii ikaitwa Koloni na Himaya ya Kenya: koloni ni bara, himaya, yaani nchi inayolindwa tu, ndiyo sisi wa pwani. Ile nyekundu nayo ni rangi ya Waomani, asili ya Sultani, tangu zamani. Neno lenyewe "bendera", lakini, tumeachiwa na Wareno, hao hao waliojenga Ngome kuanzia 1593.

Kabla ya mkataba huo wa 1895 kulikuwa na kisa kingine, na mimi ndicho kinachonichekesha zaidi. Wamazrui waliokuwa wakitawala Mombasa walimhofu Seyyid Said wa Oman, basi 1824 wakaona heri wajifiche nyuma ya bendera ya Uingereza. Kapteni Owen wa jeshi la majini akawakubalia papo hapo, bila kuuliza kwao. Wakubwa wake hawakuridhia, na 1826 Waingereza wakafunga virago. Mwaka 1837 Seyyid Said akauchukua mji.

Bendera ya Sultani iliteremshwa kwa mapatano. Kuna wapwani waliotaka Mwambao ujitegemee, lakini Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walikubaliana ukanda uingie Kenya, na mahakama za Kadhi zilindwe. Uhuru ukaja Desemba 12.

Katika hizo zote, mwananchi wa kawaida hakuulizwa anataka rangi gani. Siku hizi Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na bendera yake: kamati kuu ya kaunti huibuni kwa kushauriana na watu, kisha bunge la kaunti huipitisha kwa sheria. Sharti moja tu halina mjadala: isifanane na ya taifa.