Plagi hazizoei gari, jamani

Jumamosi imeingia Corolla 100 ya mwaka 1994 hapa gereji, inatetemeka kwenye silensa (yani injini inazunguka bila kukanyaga mafuta) mpaka kioo cha pembeni kinacheza, bodaboda akiwa nyuma yako unaona wawili. Mwenye gari ni mzee mmoja mstaafu, mpole, ananiambia "fundi, walinifanyia sevisi wiki mbili zilizopita, wakasema plagi ni mpya zitazoea, sasa mbona naona hazizoei?" Shikamoo mzee, nikamwitikia, kwa sababu nilikosa la kusema. Huyo ni wa tatu mwezi huu kuniletea hilo neno. Zitazoea.

Plagi ni chuma na kauri na kauwazi ka milimita moja hivi. Ikifungwa inachoma tangu injini inazunguka mara ya kwanza, au haichomi. Sio kiatu kipya kwamba kitakubana siku tatu alafu kilegee. Oili mpya nayo haizoei, kleneri ya hewa haizoei, na waya wa plagi ndo kabisa.

Tuseme gari ilikuwa imetulia Ijumaa, Jumamosi boneti likafunguliwa, jioni inatetemeka. Hapo mimi siulizi gari inaumwa nini, nauliza mkono umepita wapi. Karibu kila mara jibu liko sehemu ile ile iliyoguswa, au jirani yake, kwa sababu gari la miaka thelathini mipira yote imekauka kama biskuti na soketi za plastiki vifungo vyake vimeshakatika, ukisogeza boksi la kleneri tu umeshachokoza vitu vitatu.

Vya haraka haraka kwanza maana hivi kila fundi anavijua (au alitakiwa avijue). Waya wa plagi haujaingia mpaka ukalia kle. Waya zimepishana, hizi injini za 5A mpangilio wa kuchoma silinda ni 1-3-4-2, ukipishanisha mbili injini itawaka lakini itaruka kama mbuzi. Plagi imepasuka kauri wakati wa kukaza, huo ufa ni mwembamba kama unywele, utauona kama kamstari keusi. Oili imejaa kwenye visima vya plagi kwa sababu sili za kifuniko cha valvu zimekufa, unachomoa plagi ya zamani inatoka inachuruzika, we unafunga mpya juu ya bwawa. Injini imeoshwa kwa maji ya presha na maji yakaingia kwenye distribyuta, ile inayogawia plagi umeme. Hii ya maji ndo pekee "itazoea", kwa maana itakauka, na nadhani ndo imewapa watu imani yote hii. Kulanti imebadilishwa na upepo haukutolewa, ile valvu ya silensa ya baridi kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) inapashwa na maji ya rejeta, ikikaa kwenye povu inadhani gari bado ni ya baridi na silensa inabaki juu. Namba kwenye plagi: NGK na Denso, ukiona 11 mwishoni ni uwazi wa milimita 1.1, basi, usiigonge na spana kuipunguza kwa kukadiria.

Taimingi sasa, yani ule wakati cheche inapopigwa. Fundi akishaona gari inatetemeka analegeza distribyuta na kuizungusha "kwa sikio". Kaka, kwenye hizi Toyota za zamani kuna kaboksi kameandikwa DIAGNOSIS kwenye injini, unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya ndipo kontroboksi (kompyuta ya injini) inaacha kuchezea taimingi, unapiga taa ya taimingi unaweka nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa, unatoa waya. Bila huo waya unaseti kitu ambacho kompyuta inakihamisha huku unakiangalia. Sikio lako halina nyuzi.

Haya. Kinachoniudhi zaidi ni "inavuta upepo", yani hewa inaingia pasipotakiwa. Kila silensa mbovu ni upepo, mtu anachukua kopo la dawa ya kabureta ananyunyizia injini nzima kama anaua mbu, karibu na distribyuta inayotoa cheche, sijui wanasali sala gani. Upepo upo, ni kweli, lakini haufanyi kitu kile kile kwenye kila gari, na hapa ndo naomba mtulie kidogo.

Kuna gari zinazopima hewa pale inapoingia, baada tu ya kleneri. IST, baadhi ya Vitz na kundi lao, wana ile sensa ya waya mwembamba kwenye bomba. Hewa ikipita hapo imehesabiwa, na petroli inatolewa kwa hesabu hiyo. Mpira ukichomoka baada ya sensa hiyo, upande wa injini, inaingia hewa ya wizi, haijaandikwa popote, petroli inakuwa kidogo kwa hewa iliyopo na injini inatetemeka. Ukikanyaga mpaka mizunguko 2000 kwa dakika mtetemo unapungua kwa sababu wizi ule ule sasa ni sehemu ndogo ya hewa yote. Hapo sawa, tafuta upepo.

Alafu kuna hizi kama Corolla ya mzee. Hii haipimi hewa inayoingia, inapima mvuto uliomo ndani ya manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa) kwa sensa iliyoko kule ukutani, imeungwa na kampira kembamba. Sasa mpira mwingine ukichomoka, hewa ikaingia, mvuto unapungua, sensa inauona huo upungufu, kontroboksi inaongeza petroli. Yani hewa ya wizi imeandikiwa risiti! Matokeo yake silensa inapanda, haitetemeki sana. Tundu likiwa kubwa na injini ya moto utaisikia inapanda inashuka inapanda inashuka kama mtu anayehema, kwa sababu kompyuta ikiona mguu hauko kwenye mafuta na mizunguko iko juu inakata petroli, ikishuka inarudisha. Kwaiyo Corolla 100 inayotetemeka huku silensa iko chini, kwenye 600, upepo wa kawaida sio mtuhumiwa wangu wa kwanza. Isipokuwa tundu liwe kwenye gasketi ya manifoldi karibu na silinda moja, hapo ile silinda moja ndo inakosa petroli na sheria yote niliyosema inavunjika. Samahani, ndivyo ilivyo.

Na isipokuwa mpira uliopasuka uwe ni ule ule wa sensa. Huo ndo unageuza kila kitu. Manifoldi kwenye silensa ina presha ya kilopaskali 30 na kitu, hewa ya nje hapa Dar ni kama 100. Kampira kakiwa na ufa, sensa inasoma katikati, tuseme 50 au 60, kompyuta inadhani umekanyaga, inamwaga petroli. Injini inazama, inanuka, plagi zinakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni.

Sasa narudi kwa mzee, na hapa nikiri. Nilichomoa soketi za nozeli moja moja (nozeli zinazonyunyiza petroli, sio waya za plagi, ukichomoa waya unatafuta kupigwa shoti na kuchosha koili na petroli inaendelea kumwagika bila kuchomwa). Namba 3 haikubadilisha kitu, ndo iliyolala. Nikashika waya wake, haukuwa umekaa. Kle. Gari ikatulia, nikafuta mikono, nikaanza kuandika risiti, mzee ameshatoa pochi. Dakika kumi injini ikapata moto, mtetemo ukarudi. Mdogo kuliko mwanzo ila upo.

Nikaunganisha TE1 na E1 nihesabu taa ya cheki injini inavyomweka. Haina kodi, yani namba ya hitilafu. Nikasema basi ni kepu ya distribyuta, nikamtuma kijana kwenye spea Gerezani, akarudi na kepu, nikafunga, vile vile. Hela ya kepu ile nimeila mimi, sikumdai mzee. Kilichonizindua ni alichosema akiwa amekaa pale kwenye benchi: "asubuhi huwa inakuwa nzuri kabisa, ndo maana nikaamini inazoea." Asubuhi nzuri, ikipata moto mbaya, ukikanyaga inapona. Injini ya baridi inataka petroli nyingi, kwaiyo ikimwagiwa inafurahi. Ukikanyaga mpaka chini presha ya kweli ya manifoldi inakaribia ya hewa ya nje, uongo wa sensa unakuwa mdogo. Dalili zote tatu zilikuwa mbele yangu na mimi nanunua kepu.

Kampira kalikuwa na ufa upande wa chini, pale pale boksi la kleneri linapogusa. Na kodi ya sensa, namba 31, haikuwaka kwa sababu kodi inakuja umeme wa sensa ukitoka nje ya mipaka, waya umekatika au umegusana. Sensa inayodanganya ndani ya mipaka inaheshimika kama msema kweli. Ndo maana mtu akinipigia "mashine haijaonyesha kitu" huwa nauliza, haya, we umeonaje?

Mtaniuliza kwanini sikupima mvuto kwa geji. Nilitakiwa. Lakini kuna geji na kuna kusoma geji. Kijana mmoja yuko Mbeya aliniandikia injini yake inasoma mvuto wa inchi 14 za zebaki, video imesema nzima ni 17 mpaka 21, anataka kufungua abadilishe ringi za pistoni. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari mdogo wangu, kila mita 300 unapoteza kama inchi moja, hiyo 14 yako ni ya gari yenye afya. Funga boneti. Sindano ya geji ikitulia naisoma vizuri, ila ikitikisika tikisika, sitadanganya, kutofautisha valvu isiyofunga vizuri na misi (silinda kukosa kuchoma) ya petroli kidogo kwa kuangalia sindano tu mimi hukosea, naenda kupima kompresheni ndo nilale.

Na ili msinijie juu kwenye komenti: ndio, kuna kuzoea kwa kweli. Ukisafisha throto yenye kaboni hewa inapita zaidi, kompyuta iliyokuwa imejipanga na uchafu inatakiwa ijipange upya, silensa inaweza kuwa juu kwa muda. Nissan zenye throto ya umeme, X-Trail zile na nduguze, mara nyingi hazijipangi zenyewe, zinataka zifundishwe kwa mashine, au kwa ule utaratibu wa kukanyaga na kuachia pedeli kwa sekunde, na ukikosea sekunde unaanza upya, mi huwa naanza upya mara nne. Lakini huko ni silensa kuwa juu au kuyumba. Silinda moja kulala haifundishwi na mtu.

Corolla sasa iko 750, imetulia. Ukiweka D na AC ikawaka bado kuna mtetemo kidogo, injini inachoma zote nne, ni maunti ya mbele, ile inayoshikilia injini, imekatika mpira. Nimemwonyesha mzee kwa tochi, amesema ataileta mwisho wa mwezi.