Sahani isiyokuwa na duara

Asubuhi moja ya Juni, ukungu ukiwa bado umetanda Mbeya, nilifungua inkubeta ya maabara, kabati la joto la kuoteshea bakteria, nikatoa sahani tuliyootesha usaha wa kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda katika barabara ya Tukuyu. Juu ya sahani hupangwa vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kikiwa na dawa yake. Dawa inayofanya kazi huacha duara safi, na upana wake tunaupima kwa rula. Siku hiyo bakteria aina ya Klebsiella walikuwa wameota hadi ukingoni mwa karatasi ya seftriaksoni, sindano aliyokuwa akichomwa tangu alazwe. Duara lilionekana kwenye dawa nyingine, meropenemu, peke yake.

Wengi husema mgonjwa wa namna hii amezoea dawa. Mwili wake haukuzoea chochote. Waliobadilika ni bakteria. Seftriaksoni, sawa na penisilini aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, ina pete ya kikemikali inayomzuia bakteria kujenga ukuta wake, na bakteria sugu hutengeneza kimeng'enya kinachoikata pete hiyo. Jeni ya kimeng'enya hicho mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, kijiduara cha vinasaba ambacho bakteria humpa mwenzake, hata wa aina nyingine. Mikono yetu wahudumu, isiponawishwa, huwabeba bakteria hao kutoka kitanda hadi kitanda.

Mwaka 2019 vifo takriban milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na usugu huu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi ukilinganisha na idadi ya watu wake.

Meropenemu nayo ina pete ya jamii hiyohiyo, na vimeng'enya vya kuikata vimekwisha kuonekana. Ndiyo maana tunahitaji dawa zinazoshambulia mahali pengine kabisa, mfano wa zosurabalpin, iliyoelezwa na watafiti mwaka 2024, ambayo humzuia bakteria aina ya Acinetobacter kusafirisha malighafi za utando wake wa nje. Hata hivyo naamini dawa mpya ikija kwenye hospitali isiyootesha vipimo, itachomwa kwa kubahatisha kama seftriaksoni, na haitadumu.

Kaka wa yule kijana aliuza magunia ya viazi akanunua meropenemu. Aliponifuata dirishani aliuliza, "Dokta, na hii nayo ikigoma?" Kwenye kopo langu hapakuwa na karatasi nyingine ya kujaribu.