Taja shida kwanza, stori baadaye

Juzi niko shifti ya usiku, kama saa nane hivi, mdogo wangu kapiga simu kutoka Mbagala. "Dada shikamoo, samahani kwa usumbufu, unajua leo tulienda kwa shangazi, kurudi foleni ya Rangi Tatu si unaijua, tumefika usiku, mtoto hata kula hakutaka..." namsikiliza weee, mpaka anakuja kuniambia kwamba mtoto katoka kupata degedege sasa hivi! Nikamwambia mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, chukueni bajaji mwende hospitali.

Simlaumu kabisa. Mtu akishikwa na hofu anaanzia pale stori ilipoanzia, sio pale shida ilipo. Ila sisi wauguzi tumefundishwa mpangilio wetu wa kumpigia daktari, asili yake ni kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, ndo ukaja kuingia hospitalini: nini kinatokea, mgonjwa katokea wapi, mimi naonaje, naomba nini. Yaani hivi: "Daktari, mama wa kitanda cha 6 anatoka damu nyingi, kajifungua saa kumi jioni, presha imeshuka 80 kwa 50, naona hali inakuwa mbaya, naomba uje sasa hivi." Basi, daktari keshanyanyuka.

Na sijasema muache salamu jamani, shikamoo marahaba ni sekunde mbili tu na bila hiyo mtu hata hakusikilizi vizuri. Kinachochosha ni ile "nina shida kidogo" halafu unazunguka mpaka kwenye mvua na kodi ya nyumba, wakati ungesema "kaka naomba unikopeshe elfu 30, nakurudishia Ijumaa" angeshakujibu anayo au hana.

Ila kifupi nacho kina hatari yake. Bahasha ya dawa imeandikwa 1×3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, fupi kweli, lakini nimeshakutana na mzee aliyemeza vidonge vitatu kwa mpigo. Tangu siku ile siulizi tena "umeelewa?" maana kila mtu anajibu ndiyo, nauliza "bibi, ukifika nyumbani hii utakunywaje?" Akiniambia kimoja saa kumi na mbili asubuhi, kimoja saa nane mchana, kimoja saa nne usiku, namruhusu aende. Akikosea, namvutia kiti akae, naanza upya kwa maneno mengine, na bahasha naichorea jua na mwezi.