Paka mwenye figo zilizochoka: kumtunza nyumbani na kuamua mapema

Januari na Februari, joto la Moshi linapokuwa kali, paka mzee anayekunywa maji mara kwa mara hamshtui mtu. Mwenye nyumba hujaza bakuli na kusema mnyama ana kiu kama sisi sote, na wengine hata hufurahi kwamba paka wao sasa anakunywa vizuri. Mimi ni daktari wa mifugo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni paka na mbwa wa majumbani. Ningependa niitwe siku hiyo hiyo. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa maeneo makavu, mnyama anayepata sehemu kubwa ya maji yake kutoka kwenye miili ya panya na ndege anaowala, na ambaye figo zake zina uwezo mkubwa wa kubana mkojo, yaani kuutoa ukiwa mzito na wenye maji machache. Paka wa namna hiyo akianza kuliandama bakuli, kuchungulia ndoo ya bafuni na kulamba matone ya bomba la uani, mara nyingi figo zimeshashindwa kazi ya kubana. Kisukari nacho huleta kiu, na vivyo hivyo tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ndiyo maana damu na mkojo hupimwa kabla ugonjwa haujatajwa. Hata hivyo, kwa paka aliyevuka miaka 10, figo ndizo ninazozifikiria kwanza.

Kila figo ya paka ina vichujio vidogo vidogo vinavyokaribia 200,000, na kichujio kilichokufa hakioti tena. Vilivyobaki hubeba kazi ya vilivyokufa kwa muda mrefu bila kulalamika: ni mpaka theluthi mbili zipotee ndipo mkojo huanza kuwa mwepesi, na ni mpaka robo tatu zipotee ndipo kreatinini, taka ya mwili ambayo figo hutakiwa kuiondoa, hupanda kwenye damu. Kwa hiyo familia inapopokea majibu ya maabara, ugonjwa huwa una umri mrefu tayari, na ninataka wenye paka walielewe hilo vizuri kwa sababu wengi huanza kujilaumu palepale mezani. Kwa kupanga matibabu tunafuata mwongozo wa kimataifa unaoitwa IRIS, unaogawa ugonjwa huu katika hatua 4. Kreatinini inayozidi mikromoli 440 kwa lita humweka paka katika hatua ya 4. Namba hiyo hunisaidia kuchagua dawa na kukadiria hatari. Haiwezi kuniambia kama mnyama huyo bado anaifurahia siku yake, na hapo ndipo ninapowahitaji wanaoishi naye.

Ugonjwa huu hauponi, lakini hutunzika, na sehemu kubwa ya utunzaji hufanyika nyumbani. Dripu chini ya ngozi, ya kumrudishia paka maji mwilini, huwatisha watu kuliko jambo jingine lolote, na ndiyo iliyo rahisi kujifunza. Tunatumia maji ya Ringer lactate yanayouzwa kwenye maduka ya dawa ya binadamu, kwa kawaida mililita 100 hadi 150 kwa paka wa wastani, kila siku au kwa kuruka siku kadiri daktari wake atakavyoelekeza. Chupa huwekwa kwanza ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kwa sababu maji ya baridi chini ya ngozi humfanya paka aruke, kisha hutundikwa juu, msumari wa dirishani unatosha. Paka hukalishwa kwenye kanga mapajani mwa mtu anayempenda. Unavuta ngozi kati ya mabega mpaka isimame kama hema dogo, unaingiza sindano chini ya hema hilo sambamba na mgongo, unafungua mrija, na maji yanaanza kujikusanya kuwa nundu laini unayoihisi kwa kiganja. Nundu hiyo inaweza kuteremka upande mmoja hadi kwenye mguu wa mbele. Itanyonywa na mwili ndani ya saa kadhaa. Maji yenye glukosi ya asilimia 5 yasiwekwe chini ya ngozi kabisa, hata kama muuza dawa atasema ni yaleyale. Tena mhesabie pumzi paka wako akiwa usingizini: zikizidi 30 kwa dakika, simamisha dripu na umpigie daktari, maana huenda moyo wake hauwezi kubeba maji hayo.

Kuhusu chakula, vitabu vinashauri chakula chenye fosforasi kidogo, na ni ushauri sahihi. Dagaa huliwa wazima pamoja na mifupa yao, na mfupa ni fosforasi, kwa hiyo paka wa figo apunguziwe dagaa na apewe zaidi nyama ya kuku au ng'ombe iliyochemshwa, bila mifupa na bila chumvi; asibakiziwe ugali na mchuzi, kwa kuwa paka hawezi kuishi bila nyama. Lakini ikiwa paka amekataa vyote isipokuwa dagaa, basi mpe dagaa. Paka asiyekula kwa siku 2 au 3, hasa aliye mnene, mafuta ya mwili humiminika kwenye ini na kulidhoofisha, na hapo tunakuwa na magonjwa mawili badala ya moja. Kichefuchefu ndicho mara nyingi kinachomzuia: utamwona paka akiifuata sahani, akanusa, akalamba midomo, akageuka. Huyo ana njaa na anashindwa kula. Zipo dawa za kuzuia kutapika na za kuamsha hamu, na ninazitumia mapema bila kusubiri akonde.

Neno moja kali kuhusu dawa za binadamu. Nusu ya kidonge cha Panadol inaweza kumuua paka. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli. Damu hushindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka rangi ya udongo, uso na miguu huvimba. Diklofenaki na ibuprofeni nazo humalizia figo ambazo tayari zimechoka. Ninajua dawa hizi hutolewa kwa huruma, usiku, mtu akimwona mnyama wake amejikunyata na duka la dawa liko hatua chache. Tafadhali, piga simu kwanza.

Kujikunyata huko kunastahili kuangaliwa kwa makini. Paka ni mwindaji mdogo ambaye mwenyewe huwindwa na wakubwa zaidi, na kwa hiyo huyaficha maumivu. Hatalia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walichapisha kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa paka, nami huwafundisha wenye paka wote kukitumia: tazama masikio kama yametengana na kugeukia nje, macho kama yamefumba nusu, mdomo kama umekazwa, sharubu kama zimenyooka kwenda mbele, na kichwa kama kimeshuka chini ya usawa wa mabega. Mtazame anapokuwa peke yake, kabla hajajua kwamba upo, kwa sababu akikusikia huenda akajikaza. Usidhani kwamba paka anayekoroma lazima ameridhika. Paka wenye maumivu makali nao hukoroma.

Sasa nifike kwenye uamuzi wenyewe, wa kumpumzisha kwa sindano au la, na lini. Daktari Alice Villalobos wa Marekani alitunga mwaka 2004 kipimo cha ubora wa maisha kinachogusa mambo 7: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama hadi 10, na jumla inayozidi 35 huhesabiwa kuwa maisha yanayokubalika. Ninakiheshimu, hasa swali lake la mwisho, ila siridhiki na kujumlisha, kwa sababu jumla nzuri inaweza kuficha jambo moja ambalo kwa paka huyo lilikuwa ndilo uhai. Ninachowaomba wenye paka, tena siku zile ambazo mnyama bado ana nafuu, ni kuandika kwenye daftari mambo matatu anayoyafanya kwa hiari yake na ambayo bila hayo wasingemtambua. Bibi mmoja wa Majengo aliniandikia kwamba paka wake humsubiri mlangoni alfajiri akirudi kuswali kwa jirani, hujilamba manyoya baada ya kula, na hulala juu ya gunia la mchele, si chini yake. Tukakubaliana kwamba mambo mawili kati ya hayo yakipotea kwa wiki nzima licha ya dripu na dawa, tutakaa tuzungumze bila kuahirisha. Kila siku mjukuu wake aliweka alama kwenye daftari.

Faida ya kuyapanga haya mapema ni kwamba usiku wa shida hauwi usiku wa kuanza kufikiri. Uamuzi unaofanywa saa nane za usiku, paka akiwa na degedege na watoto wakilia, hufanywa na hofu, na hofu ama huharakisha mno ama hung'ang'ania mno. Jambo moja tu halisubiri daftari: paka aliyebadilika tabia ghafla, anayetoa mate na kushambulia watu, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, hata awe na figo mbovu. Asishikwe, aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo, na ofisa mifugo aarifiwe.

Wengi huniambia, "Daktari, anayetoa roho ni Mungu, mwache afe kifo chake." Ninaliheshimu neno hilo na sijawahi kumlazimisha mtu. Ila nina wajibu wa kueleza kifo hicho kikoje. Sumu ambazo figo zimeshindwa kuzitoa hutengeneza vidonda mdomoni na tumboni, kichefuchefu hakikatiki, joto la mwili hushuka, wengine hupata degedege, na hali hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa. Familia ikichagua kumwacha, tunaandikiana masharti: dawa za kichefuchefu na maumivu hazikatizwi, mtu hakosi kuwa naye, mdomo unalowanishwa, na degedege ikianza ninaitwa. Hilo ni chaguo la heshima likifanyika hivyo. Kumfungia stoo na bakuli la maziwa ni mateso, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haimruhusu mtu kumtesa mnyama wake.

Fedha pia zisemwe wazi. Hapa kila chupa na kila kipimo hulipwa mkononi, na yupo mzazi anayepima gharama hizo dhidi ya ada ya shule huku majirani wakimwambia, "Paka tu huyo." Mtu anayeniambia kwamba uwezo wake umefikia hapa amenisaidia kazi. Naweza kuacha vipimo, nikabakiza dawa mbili zinazompa mnyama nafuu, au nikashauri asiteseke zaidi. Kumpumzisha paka anayeumia kwa sababu matibabu yamekushinda si ukatili.

Sindano ya mwisho huanza na sindano ya usingizi, ambayo huchukua dakika chache, na familia inaweza kuendelea kumshika. Akishalala kabisa, asisikie hata nikimfinya kidole, ndipo ninatia dawa ya nusukaputi kwa kiasi kikubwa, kwenye mshipa au ndani ya mwili ikiwa mishipa imenywea, na moyo husimama. Macho hubaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi moja au mbili baadaye, misuli ikacheza, mkojo ukatoka. Ninayasema hayo kabla, hasa kwa watoto, ili wasidhani ameamka. Mtoto anayetaka kuwepo aruhusiwe, na asiyetaka asilazimishwe. Wasiambiwe kwamba paka ametoroka, kwa maana watamtafuta.

Dawa hiyo hubaki mwilini mwa paka na humuua mbwa au ndege atakayemla, nao korongo wa dampo hawachagui. Kwa hiyo asitupwe. Afukiwe kina cha mita 1 hivi, mbali na kisima na mfereji, na juu yake yawekwe mawe mazito. Familia iliyopanga chumba na isiyo na uwanja iniambie siku ile tunayoandika daftari, ili pa kumzika pajulikane kabla ya sindano.